Jibu: Merian alikuwa mchoraji tu, au mwanasayansi?

Ndugu, umeuliza kama Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu wa karne ya 17, tumhesabu mwanasayansi au fundi wa rangi tu. Mimi namhesabu mwanasayansi, bila kusita. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, na akiwa na miaka 13 alikuwa tayari anafuga viwavi wa hariri na kufuatilia wanavyogeuka. Zama hizo wengi bado waliamini wadudu huzuka tu kwenye tope!

Tazama picha zake kwa karibu: mayai, kiwavi, pupa (hatua kati ya kiwavi na kipepeo) na kipepeo wamo ukurasa mmoja, juu ya mmea uleule anaoula kiwavi, majani yametobolewa-tobolewa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa akangoja, siku baada ya siku.

Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake Dorothea hadi Suriname, Amerika Kusini. Ugonjwa ukamrudisha 1701. Kitabu chake kuhusu wadudu wa Suriname kilitoka 1705, chenye michoro 60. Baadaye walimcheka kwa kuchora buibui anayekula ndege, kumbe wapo kweli. Ila pale aliposema mdudu mmoja wa huko mwenye kichwa kirefu (si kimulimuli) huwaka usiku kama taa, aliteleza.