Je, Nasadiki tunayoikiri leo ni ile ile ya mababa wa Nisea?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo katika parokia moja ya kijijini, Mufindi. Baba mkwe wangu, ambaye alibatizwa na mapadre Wakonsolata na kutumikia altareni tangu utotoni, husema kwamba Misa ya siku hizi siyo ile aliyofundishwa, kwa kuwa Kilatini kimeondolewa. Naye kijana wangu anayesoma chuo Mbeya amerudi likizo akisema kwamba Kanuni ya Imani, yaani Nasadiki, iliyotungwa katika mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325 ni fupi kuliko hii tunayoisali Dominika, na kwamba Waorthodoksi hawasemi "na Mwana" wanapokiri kwamba Roho Mtakatifu hutoka kwa Baba. Ikiwa maneno ya sala yamebadilika, na maneno ya imani nayo yamebadilika, tuna hakika gani kwamba imani yenyewe haikubadilika? Na je, ni kosa kwaya yetu kuimba Nasadiki ya Kilatini ili mzee afarijike?

JIBU: Milele, amina. Mama mpendwa katika Kristo, swali lako lina mambo mawili ndani yake, nami nakusihi uyatenganishe, kwa sababu wanaoyachanganya hushindwa kuyaeleza yote mawili. Lugha ya ibada ilibadilishwa ili waamini waelewe wanachosali na kukiitikia. Maneno ya Kanuni ya Imani yaliongezwa kwa sababu wapo walioikana imani iliyokuwa ikihubiriwa. Tena lipo neno moja, hilo hilo alilolitaja kijana wako, ambalo liliingia kwa njia nyingine kabisa, na halifai kupitiwa juu juu.

Nianze na lugha, nikimpa mzee heshima anayostahili. Misa aliyoitumikia ilikuwa ya Kilatini, na majibu aliyoyakariri yalikuwa ya Kilatini, huku waamini waliojaa kanisani wakisali rozari au wakiimba nyimbo za Kiswahili wakati padre akiendelea altareni kwa sauti ya chini. Lakini Kanisa halikuzaliwa na Kilatini. Wakristo wa kwanza wa Roma walisali Kigiriki, na ndiyo maana Mtume Paulo aliwaandikia Warumi barua yake kwa Kigiriki. Kilatini cha Kikristo kilistawi kwanza katika bara letu, upande wa kaskazini, pale Karthago, alikoandika Tertuliano na alikouawa shahidi Askofu Sipriani mwaka 258. Roma yenyewe ilichelewa, na badiliko la ibada yake kutoka Kigiriki kwenda Kilatini lilikamilika katika karne ya nne, nyakati za Papa Damasi I, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 366 hadi 384. Sababu ilikuwa ile ile iliyotuletea sisi Misa ya Kiswahili: watu wa Roma walikuwa wameacha kuzungumza Kigiriki. Hata katika Misa ya Kilatini limo ombi la Kigiriki la "Kyrie eleison", ambalo mzee bila shaka anaweza kuliimba hadi leo, na ambalo si Kilatini hata kidogo.

Baadaye hali iligeuka. Watu wa Ulaya waliacha polepole kuzungumza Kilatini, lakini ibada haikufuata ndimi zao. Mwaka 813 Sinodi ya Tours, huko Ufaransa, iliwaagiza maaskofu wafasiri mahubiri katika lugha za watu ili wote wayaelewe, lakini Misa yenyewe ikabaki katika Kilatini. Karne hiyo hiyo wamisionari Sirili na Metodi waliwapelekea Waslavi ibada katika lugha yao, na Papa Yohane VIII akaikubali mwaka 880. Kwa hiyo haijapata kuwa kweli kwamba Kanisa Katoliki zima lilisali Kilatini peke yake, maana Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki wana Misa zao za Kigiriki, za Kisiria, za Kikopti na, kwa jirani zetu wa Ethiopia na Eritrea, za Kige'ez.

Mtaguso wa Trento, ambao mara nyingi hutajwa kama ndio uliokifanya Kilatini kuwa lazima milele, ulisema jambo la kiasi zaidi. Mwaka 1562 mababa wa mtaguso ule walitamka kwamba haikuonekana kufaa Misa iadhimishwe kila mahali katika lugha ya watu, na wakamhukumu anayesema kwamba ni lazima iadhimishwe katika lugha hiyo tu. Hawakufundisha kwamba Kilatini ni kitakatifu kuliko lugha nyingine. Tena katika sura hiyo hiyo waliwaamuru wachungaji waeleze mara kwa mara, hasa Dominika na sikukuu, yale yanayosomwa katika Misa, ili kondoo wa Kristo wasife njaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulipotoa hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4, ulitoka kwenye hitaji hilo hilo, na hata hivyo haukuagiza Kilatini kifutwe: ulisema kihifadhiwe katika mapokeo ya Kilatini, na lugha za watu zipewe nafasi kubwa zaidi. Miongoni mwa mababa wa mtaguso huo alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa wa nchi yetu. Misale mpya, yaani kitabu cha sala za Misa, ya Papa Paulo VI ikaanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio, mwaka 1969.

Hapa nataka kusema jambo ambalo huku Nyanda za Juu Kusini hatulikumbuki vya kutosha. Kilatini kilipotoka, lugha iliyoingia altareni haikuwa Kihehe, wala Kibena, wala Kinyakyusa, wala Kisafwa. Iliingia lugha ya katekisimu na ya shule, yaani Kiswahili, ambacho kwa bibi wengi wa vijijini wakati ule nacho kilikuwa lugha ya kujifunza. Basi mzee anaposema kwamba kuna kitu alichonyang'anywa, tusimcheke wala tusimkemee. Sala alizozikariri akiwa mtoto ziliondoka kinywani mwake akiwa mtu mzima, na huenda hakuna aliyeketi naye kumweleza kwa nini. Mweleze, basi, kwamba Misa aliyoitumikia na Misa ya leo zina sadaka ile ile, kuhani yule yule ambaye ni Kristo, na mwili ule ule aupokeao.

Sasa nije kwenye Kanuni ya Imani, ambapo kijana wako amesoma vizuri. Mwanzoni hapakuwa na maandishi marefu. Aliyebatizwa aliulizwa mara tatu kama anasadiki kwa Baba, kwa Mwana na kwa Roho Mtakatifu, naye akajibu mara tatu, kama tunavyofanya bado katika Mkesha wa Pasaka. Kutokana na maswali hayo ya ubatizo ilikua huko Roma kanuni fupi, ambayo ndiyo mzizi wa Nasadiki ya Mitume. Wakatekumeni, yaani waliojiandaa kubatizwa, waliikariri kwa moyo bila kuiandika, na maneno yake kama tunavyoyasali leo yalikamilika katika karne ya nane. Maneno kwamba Bwana "alishukia kuzimu" hayakuwamo katika kanuni ya kale ya Roma, bali yalikuwamo katika ile ya Kanisa la Akwileia, kaskazini mwa Italia, kama alivyoshuhudia padre Rufino mwanzoni mwa karne ya tano. Hakuna aliyeyahesabu kuwa imani mpya, kwa kuwa Mtume Petro alikuwa ameshaandika kwamba Kristo aliwahubiria roho waliokaa kifungoni.

Nisea ilikuja kwa sababu ya Ario, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Mababa waliokutana mwaka 325 katika mji ambao leo unaitwa İznik, nchini Uturuki, waliona kwamba maneno ya Maandiko peke yake Ario aliyakubali yote na kuyapindisha yote. Kwa hiyo waliweka tamko ambalo sisi tunalikiri kwa maneno "mwenye umungu mmoja na Baba", kwani hilo hakuweza kulitamka na kubaki na mafundisho yake. Walifanya kama mkulima anayeongeza ua upande ule ambao nguruwe pori wameingilia, bila kupanua shamba hata hatua moja. Na kweli kanuni yao ilikuwa fupi: iliishia kwenye maneno "na kwa Roho Mtakatifu", kisha yakafuata maneno ya kuwalaani wafuasi wa Ario.

Baada ya hapo walitokea watu waliomkubali Mwana lakini wakamfanya Roho Mtakatifu kuwa kiumbe. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ndio unaohesabiwa kuwa chanzo cha sehemu inayomkiri Roho kuwa Bwana mleta uzima, anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana, na pia maneno juu ya Kanisa, ubatizo na ufufuko wa wafu. Laana zile ziliachwa. Hata maneno "Mungu aliyetoka kwa Mungu", yaliyokuwamo Nisea, hayamo katika maandishi ya Kigiriki ya kanuni hii ya pili, lakini yamo katika ya Kilatini tuliyoirithi sisi. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, uliisoma kanuni hii hadharani pamoja na ile ya Nisea na kuzithibitisha zote mbili. Zingatia jambo hili, mama: wale waliokuwa na uchungu mkubwa kuliko wote juu ya imani ya Nisea ndio walioipokea kanuni iliyo ndefu zaidi, wala hawakuona kwamba wameiacha ile ya kwanza.

Kuhusu "na Mwana", siwezi kutumia hoja hiyo hiyo, kwa sababu maneno hayo hayakuwekwa na mtaguso wa Kanisa zima. Yalienea kutoka Hispania, ambako Sinodi ya Toledo ya mwaka 589 ilikuwa ikiwapokea Wagothi walioacha mafundisho ya Ario, na makusudi yake yalikuwa mema: kuonyesha kwamba Mwana hapungukiwi na kitu mbele ya Baba. Wafranki, watu wa Ulaya ya magharibi, wakayachukua. Papa Leo III, mwanzoni mwa karne ya tisa, aliyakubali mafundisho hayo lakini akakataa maneno yenyewe yaingizwe katika Nasadiki, naye akaamuru kanuni ichorwe bila maneno hayo kwenye mabamba ya fedha na kuwekwa hadharani Roma. Roma ilianza kuyaimba katika Misa mwaka 1014 tu, kwa ombi la Kaisari Henriko II. Miaka 40 baadaye, katika farakano la mwaka 1054 kati ya Kanisa la Mashariki na la Magharibi, Wagiriki na Walatini walishtakiana kwa ajili yake. Ndugu zetu Walutheri, waliotengana nasi karne ya kumi na sita, waliyarithi kutoka kwetu, na ndiyo maana hutayaona yakiwa hoja kati yetu na wao.

Maoni yangu ni kwamba mafundisho ni ya kweli, lakini njia ya kuyaingiza katika kanuni ya Kanisa zima haikuwa njema, na Papa Leo III aliona mbali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 248, inasema kwamba tofauti hii ya namna ya kusema haigusi imani yenyewe, mradi isishikiliwe kwa ukaidi. Wagiriki husisitiza kwamba Baba ndiye chanzo cha kwanza cha Roho, jambo ambalo sisi pia tunalikiri. Wakatoliki wa mapokeo ya Kigiriki hawalazimiki kuyasema maneno hayo, na tamko la Roma la mwaka 2000, Dominus Iesus, liliinukuu Nasadiki mwanzoni bila hayo. Kijana wako akikutana na Mworthodoksi huko Mbeya, asimwite mpotevu kwa kutosema "na Mwana", na wala asiyaache yeye mwenyewe Dominika kwa hiari yake, kwa kuwa kanuni ya ibada haibadilishwi na mtu mmoja mmoja.

Swali lako kuhusu kwaya ni jepesi. Hati ile ile ya mwaka 1963, namba 54, inataka waamini waweze kusema au kuimba kwa Kilatini sehemu zao za Misa, na Nasadiki ni mojawapo. Zungumzeni na paroko, mchague Credo ya tatu, yaani mojawapo ya nyimbo za Nasadiki ya Kilatini, ambayo wazee wengi wanaifahamu na kwaya huiweza upesi, na siku hiyo katekista awasomee waamini maneno ya Kiswahili kabla ya Misa, ili anayeimba ajue anachokikiri. Mzee naye, kama ana nguvu, mwombeni awafundishe vijana matamshi.