Pikapu za kabureta: petroli inakwama wapi?

Maswali ya safari hii yanafanana: petroli ipo tangini, injini haiipati, au inaipata kupita kiasi.

Shikamoo fundi. Nina Hilux ya zamani, injini 22R. Nikipandisha Kitonga na mzigo inaishiwa nguvu, inakohoakohoa mpaka inazima. Nikisimama dakika kumi inawaka kama haikuwa na neno. Kabureta imeshaoshwa mara tatu. (Dereva, Iringa)

Marahaba. Kabureta iache ipumzike. Gari linalozima mlimani, kisha likitulia linawaka lenyewe, mara nyingi bakuli la kabureta, yaani kile chombo kidogo kinachotunza petroli ndani yake, linakauka. Mafuta yanaingia kidogo kuliko yanavyotumika. Ukisimama, yanapata muda wa kujaa.

Kabureta ya Aisan iliyokuja na injini hiyo ina kidirisha cha kioo ubavuni mwa bakuli. Siku likizima, usikimbilie selfu. Fungua boneti, futa kile kioo kwa kitambaa, uangalie. Mafuta yakiwa usawa wa katikati, tafuta ugonjwa kwenye koili na plagi. Yasipoonekana, yafuate kinyumenyume hadi tangini.

Anza na mfuniko wa tanki, maana kuukagua hakugharimu hata senti. Ufungue palepale gari lilipozimia. Ukisikia upepo ukivutwa kuingia, "fsss", basi tundu la kupumulia limeziba na pampu inashindana na tanki lisilopumua. Niliwahi kusumbuka siku nzima na pikapu ya namna hii. Nilibadilisha filta, nikabadilisha mipira, kumbe mwenyewe alikuwa ameuziwa mfuniko usio na tundu kabisa. Tangu siku hiyo mkono wangu huanzia hapo.

Mfuniko ukiwa mzima, kagua filta, kisha kichujio cha ndani ya tanki. Tanki la miaka thelathini na zaidi lina kutu, na ile kutu husogea na kuziba mdomo wa kuvutia hasa gari likiinamia mlima. Pampu iwe ya mwisho. Ipime pampu wakati injini imepoa: ondoa waya wa koili ili pasiwe na cheche, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, mwenzio apige selfu sekunde kumi na tano hivi. Petroli ije kwa mapigo, moja baada ya jingine, yenye nguvu. Ikichuruzika kama bomba la mtaani wakati wa mgao, pampu imechoka au kuna mahali inavuta upepo.

Datsun 1200 yangu ikilala siku tatu, asubuhi napiga selfu mpaka betri inakaribia kuisha. Chini hapavuji hata tone. (Singida)

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mpira ulio kati ya tanki na pampu uko upande wa kuvuta. Ukipata ufa, mara nyingi hautoi mafuta nje. Unaingiza upepo ndani, na gari likilala petroli inarudi tangini taratibu. Ukunje mpira huo kwa vidole karibu na klipu zake. Ukiona mistari kama nyufa za kisigino, badilisha mipira yote kwa pamoja. Nunua mpira wa mafuta. Wa maji utalainika na kuvimba mpaka ujizibe. Mipira ikiwa mizima, vali za pampu ndizo zinazoachia. Sekunde chache za selfu baada ya siku tatu zisikutishe, kwani joto nalo hukausha bakuli.

Fundi alinifungia pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la EFI, lile lisilo na kabureta, linalopuliziwa mafuta kwa mfumo wa umeme. Sasa gari linanuka petroli na plagi zinalowa.

Itoe leo, na gari lisiwashwe mpaka itoke. Kabureta inataka msukumo wa psi 3 hadi 5 hivi, na pampu ya EFI husukuma zaidi ya 35. Ile sindano ndogo inayofunga mafuta bakulini haiwezi kuzuia nguvu hiyo, hivyo yanafurika na kumwagikia injini yenye moto. Chomoa stiki ya oili: kama oili imepanda na inanuka petroli, imwage yote kabla ya kuwasha. Rudisha pampu ya kawaida ya injini yako.

Nikikanyaga ghafla gari linasita, halafu linaondoka.

Zima injini, toa ea klina, chungulia kooni mwa kabureta huku ukivuta kamba ya mafuta. Lazima uone mchirizi wa petroli ukiruka. Usipouona, pampu ndogo ya kabureta imekauka mpira au njia yake imeziba. Pulizia upepo wa kompresa. Waya usiingize kwenye jeti, kile kitundu kinachopima petroli, hata siku moja. Ni shaba laini, tundu likitanuka gari litakunywa mafuta maisha yake yote.

Kuna ubaya gani kufunga chupa ya petroli juu ya injini ili gari lifike nyumbani? Na kuivuta kwa mdomo? Naona mafundi wengi wanafanya.

Ndugu yangu, nakuomba usifanye. Chupa ikichomoka mpira kwenye tuta moja tu, petroli inamwagikia ekzosi yenye moto na wewe umekaa nyuma ya usukani. Tafuta kamba, gari livutwe.

Kuhamisha petroli, tumia pampu ya mkono. Inayovutwa kwa mdomo inaweza kukupalia ikaingia kwenye mapafu, na kiasi kidogo tu kinatosha kuyaunguza. Aliyeimeza asitapishwe, kwa sababu ikirudi juu ndipo inapopata njia ya kuingia kifuani. Apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Kikohozi na kukosa pumzi vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye, mnapodhani yameisha.