Kiamhari kwa anayekwenda Addis Ababa

SWALI: Mhariri, natarajia kusafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Addis Ababa kupitia Moyale, nikanunue nguo za pamba zilizofumwa kwa mkono. Wenzangu wanasema Kiingereza kitanitosha, na kwamba mtu wa umri wangu hawezi tena kujifunza herufi mpya. Je, kuna haja ya kuhangaika na Kiamhari? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, haja ipo, tena anza leo. Kiingereza utakikuta kwenye hoteli kubwa na uwanja wa ndege, lakini kwa wafumaji na wauzaji wa nguo pale Shiro Meda, ambako ndiko biashara yako iliko, usikitegemee.

Anza na hesabu. Makumi hayatakusumbua: arobaini ni arba, hamsini ni amsa, themanini ni semanya, kwa kuwa Kiamhari na Kiarabu, tulikotoa hesabu zetu hizo, ni lugha za jamii moja ya Kisemiti. Moja hadi kumi itabidi uzikariri. Bei huulizwa “sint new?”, na jibu usipolidaka, mwombe muuzaji aliandike.

Saa zao ni kama zetu: jua likichomoza huhesabiwa saa kumi na mbili asubuhi. Tatizo huja mazungumzo yanapohamia kwenye Kiingereza, maana wapo wanaotaja saa ya kwao kwa maneno ya Kiingereza, nawe ukiichukulia kuwa ya kizungu utafika kituoni basi limekwisha kuondoka zamani. Kabla ya kulipa nauli, uliza kama ni alfajiri au mchana.

Kuhusu herufi, wenzako wanakutisha bure. Zipo 33 za msingi, na kila moja ina maumbo saba kufuata irabu zake, jumla 231. Lakini kila umbo ni silabi, na sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu tunaujua mpango huo tangu darasa la kwanza. Soma mistari miwili kila jioni, kisha jizoeze kwa kusoma majina ya miji. Kinachomkwaza zaidi Mswahili ni kwamba “wewe” wa mwanamume si “wewe” wa mwanamke, na kitenzi nacho hubadilika. Mpaka utakapozoea, mwamkie kila mtu kwa “tena yistilign”, salamu ya heshima isiyobagua.

Jambo moja wasafiri wengi hulipuuza, nalo naliona kubwa: ukivuka Moyale hujaingia katika nchi ya Kiamhari. Huko ni kwa Waborana, wanaozungumza Kioromo, na mbele zaidi utapita kwa Wagedeo na Wasidama. Kioromo huandikwa kwa herufi za Kilatini, na Waborana wako pia Isiolo na Marsabit, ambako basi lako litapita. Jifunze walau “akkam” ya kuamkia na “galatoomi” ya kushukuru, na ukiketi na abiria wa huko, mwombe akusahihishe matamshi njiani.