Kachumbari mara sita chini ya pilau

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi nna saiti ya mapishi ya WordPress, nikiweka posti ya pilau nataka chini yake zitokee posti zinazoendana nayo, kachumbari, juisi ya ukwaju, basi nikaweka kastomu fildi (sehemu ya ziada ya kutunza taarifa za posti) nimeiita mapishi_ndugu na kodi kidogo kwenye functions.php (nimekutumia). Inasevu vizuri ila kila nikirudi kurekebisha pilau kachumbari inaongezeka, sahivi zipo sita! Na juzi nimebadili jina la posti ya ukwaju, ikapotea kabisa. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, kodi yako nimeiona, shida ya kwanza ni mstari mmoja tu, umetumia add_post_meta. Hiyo kazi yake kuongeza, haiulizi kama kitu kipo tayari. Fungua jedwali la wp_postmeta kwenye databesi, ndiko fildi hizo zinakokaa, utaona post_id ileile ya pilau, meta_key (jina la fildi) ileile, na kachumbari zako sita zimepangana hapo.

Kama ungekuwa na thamani moja ningekwambia weka update_post_meta, inayobadilisha iliyopo, tumalize, ila wewe unazo kadhaa, so anza na delete_post_meta ifute zote za posti hiyo, halafu zungusha foreach, ile ya kupitia orodha, uongeze mojamoja. Wapo wanaosevu arei nzima (orodha yote) kwa mpigo, inakubali, WordPress inaifunga yenyewe iwe maandishi marefu, lakini siku ukitaka kujua ni posti zipi zimeitaja kachumbari utahangaika na LIKE, ya kutafuta kipande ndani ya maandishi, mpaka uchoke. Zikiwa mojamoja meta_query, ya kutafuta posti kwa fildi zake, inazipata fasta.

Ukwaju umepotea kwa sababu umesevu jina. Sevu ID, ile namba ya posti! Jina libadilishe hata kila wiki, ID inabaki ileile, na jina unalichukua kwa get_the_title wakati wa kuonyesha.

Sasa hapo kwenye kufuta kuwa makini, mi pameshaniliza kwenye saiti ya mteja. save_post, tukio la WordPress posti inaposeviwa, inaamsha kodi yako hata ukirekebisha harakaharaka kule kwenye orodha ya posti, na kule boksi lako la kuchagua mapishi halipo, kwahiyo kodi inakuta patupu, inafuta ndugu wote wa pilau na haikwambii kitu. Kwenye boksi weka wp_nonce_field, inatuma nonsi, alama ya kuthibitisha kuwa fomu imetoka kwenye boksi lako, na kodi ikikosa ile nonsi irudi bila kugusa chochote. Usikague tiki zenyewe kwa isset, maana ukiziondoa zote kwa makusudi nazo hazitumwi, utashindwa kutofautisha. Ongeza current_user_can, ikague kama mtu ana ruhusa ya kurekebisha posti, na kila ID ipitishe kwenye absint ibaki namba nzima tu.

Kuonyesha tumia get_post_meta, kile kipengele cha tatu ndani ya mabano kiwe false ndo ikupe zote. Posti za zamani bado zimebeba majina, so fungua kila moja, chagua upya, sevu. Kwenye pilau kachumbari zote sita zitafutika, itabaki moja.