Dawa ya choo: meza usiku, meza na maji, halafu iache ifanye kazi yake

Siku ya sita sijapata choo. Yaani hamna kabisa, tumbo limejaa kama ngoma, nikikaa linabana, nikilala linabana, chakula nakiangalia tu. Naandika hii kwa sababu najua wengi mnapitia hii hali na mnaona aibu kuisema, mnaenda duka la dawa mnanong'ona dirishani, mnapewa vidonge vimekatwa kwenye kibahasha cha kaki bila maelezo yoyote, mnarudi nyumbani mnameza mnavyojua. Na mimi nilimeza ninavyojua, nikaumia, kwa hiyo nawaambia nilichojifunza.

Ilianza na safari ya msiba Mwanza. Tulipanda basi Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri, safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 1,000, na kila mwanamke anayesafiri na basi anaijua ile hesabu: hunywi maji ili usisumbuke njiani, maana kuchimba dawa porini kwa sisi wanawake sio kitu rahisi. Kutwa nzima nilikunywa soda moja na chips mayai basi. Kufika msibani tuko watu zaidi ya hamsini na choo kimoja, asubuhi haja inakuja unakuta foleni ya watu na ndoo zao, unasema ngoja ntaenda baadae, ikifika hiyo baadae haja imeshapotea. Chakula ndo kile cha msibani, ubwabwa na nyama mchana, ugali wa sembe usiku, mboga za majani hata sikuziona. Na juu ya yote nilikuwa kwenye vidonge vya kuongeza damu nilivyoandikiwa kliniki, na hivi vidonge vya madini ya chuma vinafunga choo kweli kweli, sema mimi sikuambiwa au labda niliambiwa nikasahau.

Basi siku ya sita nikatoka nikaenda duka la dawa la jirani, nikapewa vidonge vinne vidogo vya njano, yule kijana akaniambia "meza viwili, ukipata choo acha". Ni bisakodili, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Dulcolax, kila kidonge miligramu 5. Ilikuwa saa nne asubuhi, nikavimeza palepale na kikombe cha chai ya maziwa. Saa sita kimya. Saa nane kimya, nikajiambia dawa haina nguvu, nikameza viwili vingine. Ilipofika kama saa kumi na mbili jioni ndo tumbo likaanza kukata, sio kukata kwa kawaida, nilikuwa nimejikunja kwenye mkeka natoka jasho, halafu likafunguka na halikuacha mpaka alfajiri. Nilikwenda chooni mpaka nikaacha kuhesabu, miguu inatetemeka, nikisimama naona giza. Shangazi mmoja pale ndo akanikorogea ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, nikawa nakunywa kidogo kidogo.

Asubuhi nikampigia wifi yangu, ni mfamasia. Swali lake la kwanza hata sikulitegemea: "Wifi, ulimeza na nini?" Nikamwambia chai ya maziwa. Akavuta pumzi. "Na ulimeza saa ngapi? Na vya pili ulimezea nini wakati vya kwanza vilikuwa bado havijafika?"

Hiyo "havijafika" ndo kiini cha yote, na ndo kitu ambacho hakuna mtu dirishani anakwambia. Kile kidonge kimevishwa ganda maalum ili kisiyeyuke tumboni, kipite salama mpaka kwenye utumbo, maana kazi yake iko kwenye utumbo mpana. Kule ndo kinaamsha mishipa ya fahamu ya utumbo, utumbo unaanza kujikaza na kusukuma, na maji yanabaki kwenye choo badala ya kufyonzwa. Sasa safari ya kutoka mdomoni mpaka kule inachukua saa 6 mpaka 12. Kwa hiyo mimi saa nane mchana naona dawa haifanyi kazi, kumbe dawa bado iko njiani, na mimi nikaiongezea mwenzake. Na maziwa yale yanalegeza ganda mapema, dawa inamwagikia tumboni, ndo hapo unapata kichefuchefu na tumbo kukata. Dawa za kiungulia nazo ni hivyohivyo. Wifi alisema acha angalau saa nzima kati ya kidonge hiki na maziwa au dawa ya kiungulia, na usikitafune wala usikisage wala usikivunje katikati, kinamezwa kizima na maji.

Miezi kadhaa baadae ikanitokea tena, safari hii nilikuwa nimeng'olewa jino na kupewa dawa ya maumivu yenye kodeini (hizi nazo zinafunga choo, na tramadol pia, muulize anayekupa). Siku nne hamna kitu. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikameza kidonge kimoja tu, saa tatu usiku, na glasi kubwa ya maji, nikalala. Nikaamka saa kumi na moja na kitu tumbo linanguruma kidogo, nikanywa uji, nikaenda chooni, nikapata choo cha kawaida kabisa, laini, mara mbili, basi. Hakuna jasho hakuna kujikunja. Dawa ileile. Kwa hiyo ukinunua anza na kimoja, mtu mzima akizidisha sana ni viwili kwa usiku, na hivyo viwili ni kama unajua kimoja hakikukutosha jana yake, sio kwa sababu umesubiri saa mbili ukachoka. Uwe unajua pia kesho yake asubuhi uko wapi, usimeze usiku wa kuamkia safari ya basi au siku ya interview.

Kuna ile nyingine ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, ya miligramu 10, hiyo inafanya kazi ndani ya dakika 15 mpaka saa nzima, kwa hiyo hiyo haimezwi usiku wala nini, unaiweka ukiwa karibu na choo. Na kuna dawa ya maji tamu inaitwa laktulosi, watu wanaichanganya na hizi ila haiamshi utumbo, inavuta maji kulainisha choo na inachukua siku 2 mpaka 3, usije ukaikatia tamaa siku ya kwanza.

Kitu kingine ambacho kinawaingiza watu kwenye shimo, na hapa nisikilizeni vizuri. Ukishapata choo kikubwa baada ya dawa, utumbo umebaki mtupu. Kesho yake hutapata choo, na keshokutwa pia inawezekana usipate, na hiyo SIO kwamba imejifunga tena, hakuna kitu cha kutoka, subiri ujae. Wengi hapo wanaogopa wanameza tena, halafu tena, mwisho mtu anajikuta miezi mitatu haendi chooni bila kidonge na anaamini tumbo lake limekufa. Kwanza hata kwenda chooni kila siku sio sheria, kuanzia mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki kote huko ni kawaida, inategemea na mwili wako ulivyozoea na kama choo chenyewe ni laini na hakikusumbui. Hizi dawa ni za siku chache, siku mbili tatu ushapata unaacha, ukiona zimefika siku tano bado unahitaji kidonge, ndugu yangu hiyo sio kazi ya duka la dawa tena, nenda hospitali.

Na msidhani ya majani ni tofauti. Sanamaki, ambayo bibi zetu wa pwani wanaijua toka zamani, ni dawa ya kundi hilihili, inaamsha utumbo hivyohivyo na inachukua saa 8 mpaka 12, ndo maana inanywewa usiku. Mimi sina ubaya nayo, ni dawa nzuri, tatizo ukiichemsha nyumbani hujui umekunywa kiasi gani, leo kijiko kimoja kesho konzi. Ukiinywa usishtuke mkojo ukibadilika kuwa wa njano sana au mwekundu wa kahawia, inatokea. Mafuta ya nyonyo nayo ni kundi hilo na hayo ni makali, yanaanza ndani ya saa chache, mjamzito asiyaguse kabisa.

Sasa hizi chai za kupunguza tumbo mnazouziwa mitandaoni, nyingi ukisoma vizuri kilichomo ni sanamaki. Nina rafiki yangu alikunywa kila siku miezi miwili kwa ajili ya harusi ya dada yake, akawa anaishiwa nguvu, misuli inakaza, moyo unakwenda mbio, kupimwa potasiamu (madini ambayo misuli na moyo vinayahitaji) iko chini. Nilimuonea huruma maana alidanganywa. Hivi vitu vinafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula chako wakati huo kimeshafyonzwa huko nyuma kwenye utumbo mwembamba, unachopoteza ni maji na madini ya mwili, ukinywa maji uzito unarudi. Uingereza mwaka 2020 mamlaka yao ya dawa ilibana kabisa, maduka ya kawaida yauze pakiti ndogo tu na kwa watu wazima, sababu moja kubwa ni watu kuzitumia kupunguza uzito. Huku kwetu mtu anamnunulia mwenzake kama zawadi.

Kuna wakati hutakiwi kumeza hii dawa kabisa, hata kidonge kimoja. Kama tumbo limejaa na linauma sana, unatapika, na hata upepo hautoki, usimeze, kimbia hospitali usiku huohuo, maana inaweza kuwa utumbo umeziba au kidole tumbo, na ukiusukuma utumbo ulioziba unajiletea maafa. Kama umeishiwa maji mwilini tayari, kunywa maji kwanza. Kama una ugonjwa wa vidonda au uvimbe wa utumbo, muulize daktari wako. Watoto wasipewe bila daktari, tafadhali sana, mtoto mdogo akifunga choo mpeleke, usimkatie nusu kidonge (ambacho hata hakikatwi). Mjamzito na anayenyonyesha muulize nesi kliniki. Na wanaotumia dawa za moyo au zile za presha zinazokojosha, hizo nazo zinaweza kushusha potasiamu, zikikutana na hii zinaongezeana, kwa hiyo mtajie muuzaji dawa zako zote unazotumia, usione unamsumbua. Ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango na umeharisha sana zaidi ya siku moja, usivitegemee peke yake kipindi hicho.

Mimi siku hizi kwenye basi nakunywa maji, kidogo kidogo lakini nakunywa, na basi likisimama nashuka hata kama sijabanwa. Asubuhi baada ya chai nakaa nusu saa sitoki nyumbani, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unaamka, hiyo ndo saa yake, ukiipita mara nyingi inaacha kuja. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri kuliko cha kukaa kwa hili, ambao mna cha kukaa wekeni kigoda chini ya miguu magoti yapande juu. Ugali wa dona, maharage, matembele, papai, ukwaju, hivi vyote havina haraka kama kidonge ila ndo vinavyokuondoa dirishani. Wanaofunga Ramadhani, maji yenu ni kati ya futari na daku, na kidonge kama lazima kimeze mapema baada ya futari, bila maziwa karibu.

Mwezi uliopita mama mkwe aliniita pembeni, akasema mwanangu nasikia wewe unaijua ile dawa ya choo, ninunulie kwa wingi niwe nayo, mimi kila usiku nameza. Kila usiku, toka mwaka jana. Ana miaka 66. Sikumnunulia, nilikaa nae nikamuuliza kama anaona damu chooni, kama amepungua, kama choo kimebadilika umbo, kisha nikampigia wifi, tukampeleka hospitali. Wakampima, wakampa laktulosi kwa muda na kumpunguzia vile vidonge taratibu, na daktari akambadilishia dawa moja ya presha, kumbe zipo dawa za presha zinazofunga choo na yeye aliianza mwaka jana huohuo. Jana asubuhi kanipigia simu kabla hata sijanywa chai, anacheka, anasema nimetoka chooni sasa hivi, na jana usiku sikumeza kitu.