Zamu ya tarehe 25

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni haki mwenzako Mwislamu akushikie zamu ya Krismasi, nawe umlipe kwa kumshikia Idd el-Fitr. Kubadilishana tumebadilishana miaka yote wodini, hilo halina neno. Ila Krismasi ina tarehe, Idd inangoja mwezi uandame. Usije ukamwahidi siku moja, mwezi ukachelewa, ukaanza kumwambia kesho una kliniki. Mwachie siku zote mbili.

Mimi naogopa jambo jingine. Zamu haiachwi, inakabidhiwa. Unaijua Krismasi ile ya kabla hujazaliwa, ambayo shangazi zako huicheka mpaka leo. Nilimaliza usiku, ripoti imeandikwa, dawa zimehesabiwa, namngoja wa kunipokea. Hakuja. Saa nne nikamwona dirishani, kitenge kipya, mwamvuli juu, anakwenda kanisani na wanawe katika mvua yetu ya Tukuyu isiyo na adabu. Na akanipungia mkono!

Nilitoka jioni. Nyumbani bibi yako alikwisha kugawa nyama, akasema mbele ya wageni kwamba mkwewe ameolewa na hospitali. Babu yako hakujibu. Aliniita uani, akatoa kwenye mfuko wa koti paja la kuku lililofungwa kwa jani la mgomba. Nililila nimesimama, nikiwa na sare yangu, huku yeye akilinda mlango kama mwizi.

Pengine yule mwenzangu alichanganya ratiba. Hapana, ratiba ilikuwa ukutani wiki nzima. Lakini alikuwa na watoto wadogo, na mimi wakati ule sikuwa na hata mmoja. Sawa, angesema basi! Angesema tu, ningekubali, na nisingekuwa namnunia mpaka leo nikiwa mstaafu.

Kwa hiyo mwenzako akikubali, mpitishe mwenyewe kitanda kwa kitanda. Mwambie na damu iliyobaki ni ya makundi gani, maana Desemba shule zimefungwa na wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa. Usimwachie karatasi mezani ukakimbilia stendi. Zamu inakabidhiwa.

Uje au usije, sikuamulii. Wewe ndiye daktari, mimi nilikuwa nesi tu. Ila baba yako ameshaulizia bei ya mbuzi Kiwira, na Coaster za pale Uyole siku hizo hujaa mapema.

Mama yako