Yeyote aongoze, bora wagombanie mahali pamoja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ati ikija korona nyingine dunia iongozwe na nani, Marekani ama China. Mimi nasema yeyote, hata wote wawili wakitukanana kila siku, mradi ugomvi wao upitie meza moja ambayo sisi wadogo pia tuna kiti. 2020 hawakufanya hivyo.

Machi mwaka huo Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliomba vita visimame dunia nzima watu washughulike na ugonjwa, lakini Baraza la Usalama likakaa zaidi ya miezi mitatu bila azimio, kisa Marekani haitaki Shirika la Afya Duniani (WHO) litajwe na China inataka litajwe. Azimio likapita tarehe 1 Julai. Aprili Trump alikuwa ashasitisha pesa za WHO, ati inaibeba China. Na China nayo isijifanye malaika, si yule daktari Li Wenliang aliyewatahadharisha wenzake huko Wuhan aliitwa polisi akasainishwa karatasi kwamba anaeneza uongo, Februari akafa kwa ugonjwa huohuo.

Sasa kuna wanaosema ah, wakubwa wakigombana basi hakuna kitu kitafanyika. Mi nakataa kabisa. Ndui ilimalizwa katikati ya Vita Baridi! Hoja ililetwa na Usovieti kwa mkutano wa WHO mwaka 1958, na mkutano ulikuwa Minneapolis, kwa Wamarekani wenyewe. Miaka minne baadaye nusura warushiane makombora kwa sababu ya Cuba. Lakini Mrusi akaendelea kutoa mamilioni ya dozi, chanjo iliyokaushwa inayovumilia joto, na kampeni yenyewe ikaja kuongozwa na Mmarekani, Henderson. Sindano ya hiyo chanjo ilikuwa kijichuma chenye ncha mbili kama uma mdogo, unachovya, tone linanasa katikati, unamdungadunga mtu mkononi mara kumi na tano hivi basi. Wazee wetu wengi bado wana hilo kovu, waulizeni.

Na aliyepata ndui mwisho kwa njia ya kawaida ni mtu wa hapa jirani, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, Oktoba 1977. Kulikuja gari na watoto wawili wagonjwa, dereva hajui njia ya kambi ya kuwatenga wagonjwa, yeye akapanda kuwaelekeza, safari ya dakika chache tu, ikamshika. Chanjo aliikwepa aliona inauma (nani hajawahi kukwepa sindano jamani). Akapona, na uzeeni akawa anazunguka kuwahimiza wazazi wachanje watoto polio. Sasa angalieni huo mwezi: Somalia iko vitani na Ethiopia, Mrusi amehamia upande wa Ethiopia, Novemba Somalia ikawatimua Warusi. Na bado kazi ya ndui ikaisha.

Linganisha na 2021. Kenya tuliletewa dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya korona ya AstraZeneca kupitia Covax, ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo, zimetengenezwa India, India ikazidiwa na wagonjwa wake ikazuia zisitoke, dozi ya pili ikasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Kakaratasi ka chanjo ka mamangu tarehe ilikatwa kwa kalamu ikaandikwa nyingine juu yake. Wenye pesa Nairobi wakawa wanachomwa Sputnik, chanjo ya Mrusi, kwa kulipia hadi serikali ikapiga marufuku, na mtaani watu wanaulizana wewe ulichoma ya Mchina ama ya Mzungu. Kinachoniuma zaidi ni ile chanjo ya Johnson & Johnson iliyokuwa inajazwa kwa chupa hapo Afrika Kusini halafu nyingine zinasafirishwa Ulaya, na Waafrika tuko foleni.

Mei 2025 nchi za WHO zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, Marekani haimo, Trump alishaandika barua ya kujitoa, na China hapohapo ikaahidi dola milioni 500 kwa miaka mitano. Haya, vizuri. Ila ndani ya mkataba kuna ile asilimia 20 ya chanjo na dawa ambayo makampuni yatakayosaini yataipa WHO mlipuko ukitokea, nusu yake bure, na namna ya kuitekeleza iliachwa ijadiliwe baadaye. Kama China inakitaka kile kiti Marekani imekiacha, makampuni yake yawe ya kwanza kusaini hapo, barakoa za msaada zenye bendera yake zitafuata.